Mtaa wa Mabanda si Jina

Kuna herufi moja ambayo imezua ubishi Nairobi kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Ni herufi e. Ukiiweka unapata Kibera. Ukiitoa unapata Kibra, na kibra kwa Kinubi ni msitu. Wanubi wa Nairobi ni wajukuu na vitukuu wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari hao na familia zao waliruhusiwa kukaa kusini-magharibi mwa mji, kwenye ardhi ya jeshi ya zaidi ya ekari 4,000. Walikuta miti, wakapaita msitu.

Kisha wakaja majirani na lugha zao, wakaja makarani na kalamu zao, na katikati ya b na r ikajipenyeza e. Leo makanga wa namba 8 anaita Kibera, vijana wanasema Kibich, na tangu uchaguzi wa 2013, eneo bunge lilipomegwa kutoka Lang'ata, karatasi ya kura inasema Kibra. Juni 2017, jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki ya ardhi baada ya kudai kwa miaka na mikaka, ekari zilizoandikwa humo zilikuwa 288. Msitu ulikuwa umekwisha zamani. Jina lilikuwa bado liko kazini.

Naanza na herufi hiyo kwa sababu nataka tuongee kuhusu mbinu za uandishi, na mara nyingi mbinu tunafunzwa kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni. Mimi ni mtu wa Kawangware. Naandika hadithi fupi, na kwa miaka michache sasa Jumamosi huwa navuka Ngong Road kwenda kukaa na kikundi cha waandishi wachanga Soweto East. Ukumbi ni wa kuazima, viti ni vya plastiki, na wengi wanaandika kwa simu. Swali linalorudi kila mara ni moja: nifanye nini ili mahali pangu paonekane kwenye ukurasa? Jibu ninalowapa nimelitoa kwa historia ya Kibera yenyewe. Pataje.

Si unakumbuka mtihani wa fasihi? Taja na ufafanue mbinu za lugha katika dondoo hili. Tulizikariri zote: tashbihi, istiara, tashihisi, takriri, kinaya, chuku, majazi. Tukachakura kitabuni kama kuku jaani, tukipata moja tunaandika, alama moja ya kutaja na nyingine ya mfano. Hakuna aliyetuambia kwamba mbinu hizo zinatembea hata nje ya kitabu, kwamba zina historia, na kwamba zinaweza kumpa mtu nyumba au kumnyang'anya. Nachukua mbili tu hapa, majazi na chuku. Ukiniuliza mimi, miaka mia na ushei ya Kibera ni mvutano kati ya hizo mbili.

Tuanze na majazi. Ni pale mwandishi anapompa mhusika au mahali jina linalobeba sifa zake. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora hawajasahau Mtemi Nasaba Bora, wala Majisifu, wala Amani. Sasa hebu tembea Kibera ukisoma vijiji vyake vile unavyosoma riwaya. Mashimoni. Kichinjio. Kisumu Ndogo. Laini Saba, ambayo wazee husimulia kwamba inakumbusha uwanja wa askari wa kulengea shabaha. Lindi, jina lile lile la mji wa bandari kusini mwa Tanzania. Kijiji kinachoitwa Raila, kwa heshima ya aliyekuwa mbunge wa hapo kwa miaka 20. Makina, Kianda, Silanga, Gatwekera, Kambi Muru. Kila jina lina mtu aliyesimama mahali akaamua: hapa patajulikana hivi. Mmoja ametazama ardhi akaona mashimo. Mwingine ametazama ardhi akakumbuka nyumbani. Mwingine ametazama siasa.

Na Soweto? Jina hilo limetoka mbali. Soweto ya Johannesburg ilipewa jina rasmi mwaka 1963, na jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Ni jina la faili, jina la karani wa ubaguzi wa rangi. Lakini tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa huko waliingia barabarani kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na kuanzia siku hiyo jina la faili likawa na maana nyingine kabisa duniani. Nairobi ina Soweto zaidi ya moja. Kayole iko, Kahawa iko, na Kibera wamekuwa nazo mbili, East na West. Mtu anayeita mtaa wake Soweto ametoa hoja nzima kwa neno moja: sisi na wale, hali yetu ni moja. Mwalimu angeiita istiara. Mimi naiita hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusoma.

Kwetu Kawangware mtindo ni tofauti kidogo. Jina lenyewe lina ngware ndani, ndege wa jamii ya kwale kwa Kikikuyu, kwa hiyo hapo pia kuna mtu aliyetaja alichokiona porini. Lakini ukimuuliza kijana wa leo anakaa wapi atakwambia kwa nambari: 46, au 56. Ni nambari za matatu ambazo zimegeuka kuwa mitaa. Ukisema tukutane 56, hakuna anayefikiria gari. Anaona steji, anaona watu wa mitumba, anaona mahali. Hii pia ni majazi, ila ya watu wanaoishi wakisafiri kwenda kazini na kurudi.

Sasa tuje kwa chuku.

Chuku ni kutia chumvi kupita kiasi. Ukitaka kujua mahali palipopigwa chuku kuliko pote Kenya, soma yaliyoandikwa kuhusu Kibera tangu miaka ya tisini. Mtaa mkubwa wa mabanda kuliko yote Afrika. Watu milioni moja. Milioni moja iliandikwa na wanahabari, na mashirika, na wanasiasa, na waandishi wa ripoti waliokuwa na ofisi mji huu huu. Kila mmoja alikuwa akinukuu mwenzake. Halafu ikaja sensa ya Agosti 2009, na matokeo yalipotangazwa mwaka uliofuata yakasema Kibera ina watu 170,070.

Wapo waliobishana na hesabu hiyo, na ubishi ni haki yao. Hata hivyo pengo kati ya laki moja na elfu sabini na milioni nzima haliwezi kuzibwa na makosa ya karani. Milioni ilikuwa mbinu ya lugha. Ilifanya kazi ambayo chuku hufanya siku zote: ilimshtua msikilizaji, ikamfungua mfuko, ikampa mwandishi aya yake ya kwanza bila jasho. Unajua ile aya. Bati lenye kutu, mtoto aliye uchi, mfereji mweusi, na lazima mifuko ya plastiki inayorushwa usiku. Binyavanga Wainaina aliicheka vizuri aya hiyo mwaka 2005, katika insha yake ya kejeli kwenye jarida la Granta kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika. Alikuwa ametoka kushinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 na kuanzisha jarida la Kwani? hapa Nairobi mwaka 2003, jarida lililofungulia mlango Sheng na sauti za mtaani wakati wachapishaji wengi hawakutaka kuzisikia.

Shida ya chuku ni kwamba haina nafasi ya jirani. Milioni haiazimi sufuria. Milioni haidaiwi na mama mboga. Ukishaandika milioni, mhusika wako yeyote atakuwa mfano tu wa hali fulani, na mfano haufungui mlango asubuhi ukatafuta kiatu cha pili.

Nisieleweke kwamba chuku ni dhambi. Fasihi yetu imelelewa na chuku. Fumo Liyongo wa tenzi za pwani ni jitu, anapuliza pembe mpaka inapasuka, watu wanatetemeka kwa kusikia jina lake. Lakini angalia mtunzi anafanya nini. Anamkuza Liyongo mpaka anagusa dari, kisha anamuua kwa sindano ya shaba, kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Chuku yote inategemea sehemu moja ndogo ya mwili ambayo imetajwa kwa jina. Angesema tu kwamba shujaa aliuawa kwa hila, tungekuwa tumemsahau. Chuku ya Kibera ilikosa kitovu.

Na hapa kuna kitu cha kushangaza. Mahali palipodaiwa kuwa na watu milioni palikuwa karibu patupu kwenye ramani. Kijani, au kijivu, na neno Kibera juu yake, basi. Mwishoni mwa 2009 mradi wa Map Kibera uliwafunza vijana wa hapo hapo kutembea na vifaa vya GPS na kuweka njia, visima, vyoo, zahanati na shule kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Nikitazama kazi ile kama mwandishi, naona zoezi la uandishi. Walitembea, wakauliza panaitwaje, wakaandika.

Mwaka huo wa 2009 ulikuwa na mengi. Januari msanii Mfaransa anayejiita JR alifunika takriban mita 2,000 za mraba za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa pale, kwenye vitambaa visivyopitisha maji, ili mvua ikinyesha picha ifanye kazi ya paa. Mimi naipenda kazi ile hasa kwa sababu ya mvua. Msanii aliuliza paa linahitaji nini kabla ya kuuliza picha inahitaji nini. Hata hivyo macho yale yaliangalia juu, kwa mtu wa ndege na mtu wa ng'ambo. Mtu anayepita chini kwenye kichochoro hakuyaona. Kila andiko lina mahali msomaji wake amesimama, na mwandishi ndiye anayepachagua.

Ndiyo maana nikitaka mfano wa mwandishi aliyejua msomaji wake amesimama wapi, narudi nyuma mwaka mmoja, kwenye ukuta.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 Kenya iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima. Kibera ilikuwa mojawapo ya mahali palipoumia mapema na vibaya. Soko la Toi liliteketezwa. Reli inayokata mtaa iling'olewa. Katika wiki hizo msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo Saba, alizunguka na rangi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, kwenye mabati, popote palipokubali rangi. Maneno machache, herufi kubwa, na chini yake sahihi: Solo 7.

Wengi wamemsifu kwa ujasiri, na sifa hizo ni zake kwa haki. Mimi nasifu ufundi. Msomaji wake alikuwa anapita mbio, ana hofu, labda ameshika kitu mkononi. Huwezi kumpa aya. Huwezi kumpa tashbihi. Una sekunde mbili. Kwa hiyo kila neno ambalo halifanyi kazi linatoka. Na ile sahihi ya chini ilikuwa na uzito wake: kuna mtu aliyeandika haya, ana jina, yuko hapa hapa, hakukimbia.

Kwa sababu wiki zile jina lilikuwa kitu cha kuogopa, manze. Watu waliulizwa majina vichochoroni. Jina la ukoo lilikuwa linatosha kumwambia mwenye panga wewe ni wa upande gani. Kwa hiyo ninapowaambia vijana wa Soweto East wataje, huwa najua nawapa kitu chenye makali. Kipo kizazi kilichofunzwa na wazazi wake kusema jina la kwanza tu mbele ya wageni. Kuna mmoja wetu ambaye kwa muda mrefu wahusika wake wote walikuwa na majina ya ubatizo, Brian na Mercy na Kevo, bila la pili. Nilidhani ni mtindo. Alinieleza kwamba ni ulinzi. Hadithi yake ilibadilika siku alipoamua kuuweka ulinzi huo ndani ya hadithi yenyewe: mhusika anaulizwa jina la pili na mwenye ploti, na kwa ukurasa mzima hajibu. Anahesabu mabati. Anauliza kuhusu stima. Anasema mvua inakuja. Ule ukurasa unatisha kuliko panga lolote nililowahi kulisoma.

Kinyanjui Kombani alikuwa ameligusa jeraha hili kabla ya 2007. Riwaya yake The Last Villains of Molo, ya mwaka 2004, inawafuata vijana wa mtaa wa Ngando, upande wa Dagoretti, si mbali na kwetu, ambao wanabeba historia ya mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini huko Molo. Vijana hao wanaitana kwa majina ya mtaani. Jina la mtaani halina kabila. Ndiyo kazi yake moja kubwa, na ndiyo sababu Sheng inazaa majina mapya kila mwaka. Kwa hiyo mbinu ya kutaja ina nusu ya pili, ambayo ni kujua wakati wa kunyamaza. Lakini kunyamaza kwenyewe kunasikika tu kama ulikuwa unataja mambo mengine yote kwa usahihi. Ukiwa umeandika kwa jumla-jumla tangu mwanzo, msomaji hatagundua kuna kitu umekificha.

Waandishi wa Nairobi waliotutangulia walilijua hili. Meja Mwangi aliandika riwaya mwaka 1976 akaweka River Road hadi kwenye jalada. Thomas Akare aliita riwaya yake ya 1981 The Slums, jina la jumla kabisa, lakini ukiingia ndani uko Majengo ya Pumwani, na Majengo inatajwa kwa jinsi ambayo mkazi wake hawezi kupotea. Hawakumweleza msomaji wa mbali kila kitu. Walimwacha atembee nao, akipotea aulize.

Sasa nirudi Soweto East, kwa sababu ndiyo inayonifanya niandike haya sasa na si mwaka ujao.

Mwaka 2003 serikali na UN-Habitat walitia saini makubaliano ya kuboresha mitaa ya aina hii, na Soweto East ikachaguliwa kuwa mwanzo. Tarehe 16 Septemba 2009 familia za kwanza zilipakia vitu kwenye malori zikahamishiwa nyumba za ghorofa upande wa Lang'ata, kungoja mtaa wao ujengwe upya. Majazi hayakukawia: watu wakaanza kuita kule Nchi ya Ahadi, Kanaani. Jina hilo lina furaha, na kwa anayelijua Biblia lina swali pia, maana Musa mwenyewe aliiona nchi ile kutoka mlimani tu, hakuingia. Julai 2016 nyumba 822 zilizojengwa Soweto East zilikabidhiwa. Palipokuwa na vichochoro vya matope pana ghorofa zenye nambari za milango. Wapo waliopata, wapo waliokosa, wapo waliopata wakapangisha wakarudi kwenye mabati. Hayo ni mjadala wa siku nyingine.

Halafu tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia alfajiri kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Yalipita Kichinjio, Mashimoni na Lindi. Watu walioachwa bila makao waliripotiwa kuwa kama 30,000, na baada ya yote niliyosema juu ya milioni, nawe ishike nambari hiyo kwa mkono mwepesi. Nyumba zilianguka, na shule pia. Leo gari linapita hapo kwa dakika chache. Dereva hajui amepita juu ya Mashimoni.

Hapo ndipo mbinu inapoacha kuwa ya alama za mtihani. Ghorofa ikijengwa, barabara ikipita, mahali palipokuwa hapo hapana jiwe la kumbukumbu. Hati hazikuwepo, ramani ilichelewa, na maandishi mengi yaliyopo yamesema tu mtaa wa mabanda. Mtaa wa mabanda hauna kona. Mtu akitaka kumwonyesha mtoto wake alikozaliwa, hawezi kumwonyesha takwimu.

Ushairi wetu ulishalikabili jambo hili. Takriban miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate. Angeweza kulia kwa maneno makubwa na angesamehewa, kwa sababu dola nzima ilikuwa imekwisha. Yeye anaingia ndani ya majumba, chumba kwa chumba. Anatuonyesha zilipowaka taa. Anatuonyesha vidaka vya ukutani vilivyowekwa vyombo vya kauri, ambamo sasa makinda ya ndege yanalelewa. Anatuonyesha popo wananing'inia. Ni majumba ya matajiri, sawa, na chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hakina kidaka cha kauri. Lakini kina msumari wa kuning'iniza sare ya shule. Kina kalenda ya miaka mitatu iliyopita iliyoziba tundu. Kina jina la fundi aliyeweka mlango. Mbinu ni ile ile: usililie gofu, orodhesha vilivyokuwamo.

Kwa hiyo zoezi letu la Jumamosi ni hili, na unaweza kulifanya popote ulipo, Kawangware, Mathare, Kisauni, Manzese. Andika njia kutoka steji hadi mlangoni kwako. Huruhusiwi kutumia maneno mtaa wa mabanda, umaskini, wala maisha magumu. Huruhusiwi kuandika nambari ambayo hukuihesabu mwenyewe. Tumia tu majina ambayo mtu wa boda wa hapo angekuelewa ukimwambia mara moja.

Dada mmoja wa kikundi, anayekaanga chapati alfajiri kabla ya kuja, alisoma yake hivi: "Unashuka kwa daraja la mbao, si lile jipya, lile la Baba Maji. Baba Maji alihama lakini tanki lake lipo. Ukifika penye redio mbili zinapigana, ya kinyozi na ya kanisa, kata kulia. Mlango wetu ni wa bluu upande wa chini tu, rangi iliisha." Hakuna neno hata moja la huzuni humo. Ukumbi ulinyamaza. Kijana mmoja nyuma akasema, huyo kinyozi ananidai mia, na wote tukacheka, na nikajua andiko limefika: limemgusa mtu hadi deni lake.

Angalia alichofanya. Baba Maji ni majazi, na amehama, kwa hiyo jina limebaki likifanya kazi bila mwenyewe, kama kibra bila msitu. Redio mbili zimemwambia msomaji kuhusu msongamano bila msongamano kutajwa. Ile rangi iliyoishia katikati ya mlango imesema yote kuhusu pesa. Na hakumfafanulia mgeni chochote.

Wapo watakaosema huku ni kuandika kwa ajili ya watu wa mtaa tu, msomaji wa Berlin ataachwa nje. Mimi sioni hivyo. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Pate ile, na bado tunaliona kinda la ndege kwenye kidaka. Msomaji wa mbali haachwi nje na jina asilolijua. Anaachwa nje na jumla-jumla, kwa sababu hiyo anayo tayari, ameisoma mara mia.

Tumeanza kuziweka njia hizo pamoja, andiko kwa andiko. Kuna njia tano zinazopita mahali ambapo sasa ni lami, zimeandikwa na watu waliokuwa watoto pale. Wawili walibishana nusu saa kama duka la pembeni lilikuwa la kijani au la buluu. Sikuwaamulia. Nilimwomba kila mmoja aandike rangi aliyoiona, na jina la mwenye duka, ambalo walikubaliana.